Habu ya USB isiyoamka: pima umeme, riseti na kristali kabla ya kuilaumu chipu

"Fundi, taa inawaka lakini kompyuta haioni kitu. Mpaka niichomoe niirudishe ndiyo inakubali."

Ukiwa na meza ya ufundi hapa Dodoma, maneno hayo utayasikia kwa wenye steshenari jirani na Chuo Kikuu, kwa mawakala wanaosajili laini kwa alama za vidole, na kwa yeyote aliyelazimika kuchomeka printa, kisoma vidole, modemu na kipanya kwenye laptopu yenye matundu mawili. Usimkatishe mteja. Nusu ya uchunguzi imo kwenye maelezo yake. Habu (kile kigawanyo cha tundu moja la USB kuwa mengi) inayokubali baada ya kuchomolewa na kurudishwa haijaungua chipu. Shida yake ni namna inavyoamka: volti zilichelewa kupanda, au riseti (pini inayoishikilia chipu isianze mpaka umeme utulie) iliachia mapema, au kuna umeme uliobaki kwenye bodi ukaizuia kuanza upya. Ukikimbilia kubadilisha chipu bila kugusa chanzo, hiyo mpya nayo itagoma vilevile, na utakuwa umeshalipia kipuri pamoja na usafiri wa kukitoa Kariakoo.

Hapa nazungumzia habu za USB 2.0 zenye matundu manne, ambazo ukizifungua utakuta chipu kama FE1.1s ya Terminus, GL850G ya Genesys Logic au USB2514B ya Microchip. Mezani uwe na multimita, kisolda chenye ncha nyembamba, kibano, rezista na kapasita za kawaida, na kompyuta yenye Linux. Ukiwa na oskiloskopu kazi inakuwa nyepesi zaidi. Hata vile vidogo vya kujiunga mwenyewe kama DSO138 vinatosha kuona umeme unavyopanda na riseti inavyoachia, ila mawimbi ya kristali (inayoipa chipu mapigo ya saa) hutayaona humo kwa sababu uwezo wake unaishia karibu 200 kHz.

Onyo moja kabla ya kuanza: usifungue adapta ikiwa kwenye soketi, wala mara tu baada ya kuichomoa. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya adapta unafika karibu volti 325, na kapasita kubwa inaushikilia hata baada ya kuchomoa.

Hatua ya 1: Jua inagoma kwa namna gani

Washa Linux, fungua dirisha la amri, andika sudo dmesg -w (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo) na uache lisomeke. Chomeka habu ikiwa tupu, bila kifaa chochote. Yapo majibu matatu, na kila moja linakupeleka njia yake.

La kwanza ni kimya kabisa. Kompyuta hujua kuna kitu kimechomekwa pale habu inapovuta waya wa data uitwao D+ juu kwa rezista ya 1.5 kΩ iliyo ndani ya chipu. Ukimya maana yake waya huo haukuvutwa: kwa kawaida chipu haina umeme, au imeshikiliwa kwenye riseti, au haijui kwamba kompyuta ipo upande wa pili. Nenda hatua ya 2, ya 3 na ya 4.

La pili ni kelele: mistari kama "device descriptor read/64, error -71" au namba -110, ikijirudia. Hapo chipu imeamka na imevuta D+, lakini mazungumzo hayaeleweki. Shaka zako ziwe kwenye kristali, rezista ya rejea (inayoiwekea chipu kipimo cha mkondo wake wa ndani), waya za data au volti inayoyumba. Kwenye Windows hali hiyohiyo huonekana kama kosa namba 43.

La tatu ni habu kukubali vizuri, kisha kupotea unapochomeka kifaa. Hilo karibu siku zote ni umeme. Usipoteze muda kwenye riseti, nenda moja kwa moja hatua ya 2.

Ikikubali, andika lsusb uone namba zake. FE1.1s hujitaja 1a40:0101, GL850G 05e3:0608, na USB2514B 0424:2514. Angalia pia kama dmesg inasema "high-speed" au "full-speed", ambayo licha ya jina lake ndiyo ya polepole kati ya hizo mbili. Habu ya USB 2.0 ikijiunga kwa kasi ya chini kwenye tundu ambalo kwa kawaida huenda kasi, kumbuka jambo hilo tutakapofika kwenye kristali na rezista ya rejea.

Kisha rudia kwa mpangilio tofauti, kwa sababu tatizo la kuamka hubadilika kulingana na nani ametangulia. Washa adapta kwanza, kompyuta baadaye. Halafu kinyume chake. Halafu zima soketi ya ukutani na uiwashe papo hapo, kama umeme unavyokatika na kurudi. Andika matokeo kwenye karatasi. Habu inayogoma kwa mpangilio mmoja tu imekuambia karibu kila kitu.

Hatua ya 2: Umeme, tena ukiwa na mzigo

Kupima volti 5 kwenye plagi ya adapta isiyobeba chochote hakukuambii kitu. Adapta mbovu kuliko zote sokoni itakuonyesha 5.1 ikiwa haina mzigo. Chukua rezista ya 4.7 Ω yenye uwezo wa wati 10, iunganishe kwenye plagi, na adapta italazimika kutoa zaidi kidogo ya ampea 1. Rezista itakuwa ya moto sana, iweke juu ya kigae. Volti zikishuka chini ya 4.75, adapta hiyo haifai, hata kama imeandikwa 5V 2A kwa herufi kubwa.

Kwa habu isiyo na adapta, inayotegemea kompyuta, mtuhumiwa wa kwanza ni kebo. Waya nyembamba wa namba 28, ambao ndio umejaa kwenye kebo za bei rahisi, una ukinzani wa karibu 0.21 Ω kwa mita. Kebo ya mita moja na nusu, kwenda na kurudi, ni takribani 0.64 Ω. Ikibeba ampea nusu, unapoteza volti 0.32 njiani kabla habu haijafanya lolote. Ikiwa bodi inatumia regyuleta ya AMS1117 kutengeneza volti 3.3, yenyewe inahitaji karibu volti 1.1 juu ya kile inachotoa. Yaani ukifika 4.4 upo ukingoni, na kisoma vidole kikiwasha taa yake tu, volti 3.3 inadondoka na chipu inazimia kwa milisekunde chache. Multimita haitaliona hilo, lakini dmesg italiona: habu inapotea na kurudi.

Kumbuka pia hesabu ya mgao. Habu isiyo na adapta inapewa miliampea 500 kwa jumla, na kila tundu lake linaruhusiwa 100. Mteja aliyechomeka diski ya nje humo hahitaji ufundi, anahitaji habu yenye adapta. Mwambie hivyo hivyo.

Pima sasa volti za ndani. FE1.1s hutengeneza yenyewe 3.3 na 1.8, na pini zote mbili zinataka kapasita nzuri karibu nazo. Kama 3.3 iko chini ya 3.0, au 1.8 haipo, simama hapo uangalie kapasita na njia zake kabla ya kwenda mbele.

Kuna tabia moja ya mafundi inayoleta hasara: kuongeza kapasita kubwa, 470 au 1000 µF, pale kebo ya kompyuta inapoingia, kwa imani kwamba "itatuliza umeme". Upande huo kiwango cha USB kinataka kifaa kionyeshe kati ya 1 na 10 µF tu. Ukiweka kubwa, kila unapochomeka inavuta mkondo mkali wa ghafla, volti ya kompyuta inazama, na habu inaanza kuamka katikati ya shimo hilo. Kapasita kubwa zikae upande wa matundu ya kutokea, ambako kiwango kinataka angalau 120 µF kwa habu, au upande wa adapta.

Hatua ya 3: Umeme unaorudi nyuma na unaobaki

Hapa ndipo habu nyingi zenye adapta hukwama, na ni hatua ambayo wengi huiruka.

Chomoa habu kutoka kwenye kompyuta, acha adapta ikiwa imewashwa, kisha pima volti kwenye ile plagi inayoingia kwenye kompyuta, kati ya pini mbili za pembeni. Inatakiwa isome sifuri. Ukikuta volti 5, adapta inasukuma umeme kuelekea kwenye kompyuta, kwa sababu aliyetengeneza bodi aliunganisha njia mbili za volti 5 moja kwa moja bila daiodi. Dalili yake kwa mteja ni laptopu iliyozimwa lakini taa fulani hazizimi, au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayogoma kuwaka upya mpaka uchomoe kila kitu.

Tiba ni kukata ile njia na kuweka daiodi ya Schottky, mathalani 1N5819, ikielekea upande wa habu. Itakula sehemu ya volti, kati ya 0.3 na 0.5 kutegemea mzigo, kwa hiyo rudi upime kama chipu bado inapata inachotaka. Kwa habu ambayo haitatumika kamwe bila adapta, mimi hukata kabisa waya wa volti 5 unaotoka kwenye kompyuta usilishe bodi, na kuuacha ulishe tu pini inayotambua kompyuta.

Pini hiyo ni muhimu. Kwenye USB2514B inaitwa VBUS_DET, na kwa kawaida hupata volti zake kupitia rezista mbili za 100 kΩ, hivyo volti 5 ikiwepo unapaswa kusoma karibu 2.5 pale. Ikisoma sifuri, chipu inaamini haijaunganishwa na kompyuta, na haitavuta D+ hata kama kila kitu kingine ni kizima. Tatizo hapo ni rezista iliyokatika au njia iliyochunika, si zaidi.

Sasa geuza jambo. Zima adapta, acha habu kwenye kompyuta iliyo hai pamoja na vifaa vyake, upime ile njia ya 3.3. Kama bodi hailishwi na volti 5 za kompyuta, inatakiwa ishuke hadi karibu na sifuri. Ukikuta imesimama kwenye 1.2 au 1.8, kuna umeme unaojipenyeza kupitia waya za data na daiodi za ulinzi zilizo ndani ya chipu. Chipu imekaa katikati, haijafa wala haiko hai. Adapta ikirudi, saketi ya ndani ya kuanzisha upya haishtuki kwa sababu haikuona volti zikitoka sifuri. Ndiyo maana mteja anakuambia umeme ukikatika na kurudi habu inaganda, lakini akichomoa kila kitu inapona. Weka rezista ya 1 kΩ kati ya 3.3 na ardhi ya bodi (GND) ili imalize mabaki. Itakula miliampea 3.3 muda wote, jambo lisilo na madhara kwenye habu ya adapta. Kwenye habu isiyo na adapta usiiweke, kwa sababu kifaa kikilala kinatakiwa kisizidi miliampea 2.5.

Hatua ya 4: Riseti

Tafuta pini ya riseti kwenye karatasi ya maelezo ya chipu yako. Kwenye FE1.1s inaitwa XRSTJ, kwenye USB2514B RESET_N. Zote zinafanya kazi kinyume: ikiwa chini chipu imeshikiliwa, ikipanda chipu inaachiwa.

Fanya kipimo hiki kabla ya kingine chochote cha riseti. Habu ikiwa imegoma, dmesg ikiwa wazi, gusisha pini hiyo na ardhi kwa kibano kwa sekunde moja, kisha achia. Habu ikijitokeza kwenye skrini, chipu yako ni nzima, kristali ni nzima, waya za data ni nzima. Kilichobaki ni muda wa kuachia tu. Sijui kipimo kingine cha bei ya bure kinachookoa chipu nyingi kama hiki.

Kisha pima volti ya pini ikiwa imetulia. Inatakiwa iwe karibu 3.3. Ukikuta 1.6 au namba inayocheza, kuna uvujaji. Bodi nyingi huvuta riseti juu kwa rezista ya 100 kΩ, na kwa rezista kubwa hivyo, uchafu wenye ukinzani kama huohuo unatosha kugawa volti nusu kwa nusu. Vumbi la Dodoma la kiangazi hukaa ndani ya habu kwa miezi bila kuleta neno, kwa sababu ni kavu. Mvua za kwanza zikija mwezi wa 11 au wa 12, vumbi lilelile linashika unyevu na kuanza kupitisha umeme, hasa likichanganyika na mabaki ya fluksi ambayo kiwanda hakikuyasafisha. Osha kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili, acha ikauke kabisa, pima tena. Thina usiitumie, inayeyusha plastiki za soketi.

Kama volti ya mwisho ni sahihi lakini habu bado inahitaji kibano ndipo iamke, piga hesabu ya muda. Rezista ya 10 kΩ na kapasita ya 1 µF zinakupa milisekunde 10 hivi. Adapta nyepesi yenye mzigo inaweza kuchukua muda mrefu zaidi ya huo kupandisha volti zake, kwa hiyo riseti inaachia chipu wakati umeme bado uko njiani. Badilisha kapasita iwe 4.7 µF, utapata karibu milisekunde 47. Usivuke hapo kwa habu isiyo na adapta, kwani kiwango kinataka kifaa kinachokula umeme wa kompyuta kiwe kimejionyesha ndani ya milisekunde 100.

Ukishaongeza kapasita, ongeza na daiodi ya 1N4148 sambamba na ile rezista, upande wenye mstari ukielekea 3.3. Umeme ukikatika kidogo, kapasita inatakiwa imwage chaji yake haraka. Bila daiodi inabaki imejaa, umeme unarudi, na riseti haijashuka hata kidogo. Kadiri kapasita inavyokuwa kubwa ndivyo daiodi inavyohitajika zaidi.

Kwa habu ya adapta itakayokaa ofisini, mimi huondoa rezista na kapasita zote na kuweka MAX809S. Ni kidude cha miguu mitatu: mguu wa 1 ardhi, wa 2 riseti, wa 3 volti 3.3. Chenyewe kinaangalia volti, zikishuka chini ya 2.93 kinaivuta riseti chini, zikirudi kinaishikilia kwa angalau milisekunde 140 zaidi. Kinashika hata ile migando ya volti kuyumba bila kuzimika, ambayo rezista na kapasita haziwezi kuiona. Angalia usiuziwe MAX810, ambayo hufanya kinyume na kuishikilia chipu riseti maisha.

Hatua ya 5: Kristali na rezista ya rejea

GL850G na FE1.1s hutumia kristali ya 12 MHz, USB2514B ya 24. Ukiwa na multimita pekee, pima volti za DC kwenye miguu yake miwili. Ikiwa inafanya kazi, kwa kawaida utaona volti za katikati kwenye miguu yote. Mguu mmoja ukisoma sifuri na mwingine 3.3, haichezi. Kwa oskiloskopu kubwa tumia probu ya ×10, kwa sababu ya ×1 huongeza pikofaradi nyingi kiasi cha kuisimamisha kristali unayoipima.

Kapasita ndogo mbili za pembeni nazo zina hesabu yake. Kristali ya 20 pF, ukitoa 5 za njia za bodi, inataka 30 kila upande, hivyo 27 au 33 pF zinafaa. Fundi aliyetangulia akiwa ameweka 100 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, umeshapata jibu.

Kama habu inagoma asubuhi tu na mchana inakubali, mwezi wa 7 ambapo asubuhi za hapa hushuka kuelekea nyuzi 14, ipulizie hewa ya joto kwa draya ya saluni uone. Ikiamka, shuku kapasita za elektrolaiti zilizokauka kabla ya kristali. Lakini usidanganyike haraka: asubuhi ndipo duka linapofunguliwa na kila kitu kuwashwa kwa pamoja, kwa hiyo huenda ni mpangilio wa kuwasha, wala si baridi.

Rezista ya rejea ni kazi ya dakika moja. GL850G inataka 680 Ω, FE1.1s 2.7 kΩ, USB2514B 12 kΩ, zote za asilimia 1. Ikiwa imepotoka, habu huamka lakini huongea vibaya kwa kasi kubwa.

Hatua ya 6: Waya za data

Zima kila kitu. Weka multimita kwenye alama ya daiodi, ncha nyekundu kwenye ardhi, nyeusi kwenye D+ na kisha D− ya kila tundu. Namba za matundu yote zinatakiwa zifanane. Lenye namba tofauti sana, au linalosoma kama waya mtupu, limepigwa. Hewa kavu ya kiangazi hujaza chaji mwilini, hasa ukivaa nailoni na kukalia kiti cha plastiki, na mtu akigusa flashi iliyo kwenye habu chaji hiyo inaishia ndani ya chipu. Tundu moja lililopigwa linaweza kuvuta chini volti za chipu nzima. Hapa tu ndipo chipu inastahili kubadilishwa.

Hatua ya 7: Jaribio la kukabidhi

Chomeka vifaa vyote vya mteja, au vinavyofanana navyo, kwa sababu habu tupu haijaribiwi. Zima soketi kwa nusu sekunde na uwashe, kisha sekunde mbili, kisha kumi. Ile ya nusu sekunde ndiyo ngumu kuliko zote, maana volti hazifiki sifuri kabla ya kurudi. Irudie mara kadhaa ukiangalia dmesg, na kila mara habu na vifaa vyake vyote virudi bila mkono wa mtu.

Ukifunga skrubu, bandika plasta kwenye adapta na uandike "5V HABU". Adapta za ving'amuzi vya volti 12 mara nyingi zina plagi inayoingia vizuri kabisa kwenye tundu hilohilo.